Namna ya kuyafuatilia majina ya Sofia, mji mkuu wa Bulgaria

Jibu fupi la swali la Sofia ilikopata jina lake linajulikana: mji ulichukua jina la kanisa lake la kale, Hagia Sofia, yaani Hekima Takatifu, na jina hilo likaanza kuonekana kwenye maandishi ya karne ya 14. Jibu hilo ni sahihi, ila halimfikishi mbali msomaji. Akifungua historia ya Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya Mashariki, atakuta Triaditsa. Akitazama sarafu ya enzi ya Kirumi ataona Ulpia Serdica. Akisoma habari za wafalme wa Bulgaria wa zama za kati atakutana na Sredets. Kote huko ni mahali pamoja: bonde lililo chini ya mlima Vitosha, kwenye mwinuko wa mita kama 550, lenye chemchemi za maji ya moto.

Kinachowapoteza wengi ni kuyapanga majina hayo kama wafalme wanaorithiana kiti, mmoja akifa ndipo mwingine anakaa. Sivyo yalivyokuwa. Majina ya mji huu yaliishi pamoja kwa karne nyingi, kila kundi la watu likiuita kwa jina lake, na mawili au matatu yanaweza kukutana katika kizazi kimoja. Mwongozo huu ni kwa mwalimu, mwanafunzi, mwandishi wa makala au msafiri anayetaka kuyatenganisha bila kuyachanganya, kwanza mezani, kisha kwa miguu katikati ya mji.

Muulize mwandishi ni nani

Chukua karatasi uigawe safu nne. Ya kwanza ni jina kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Ya pili ni lugha ya maandishi. Ya tatu ni upande wa mwandishi: Mrumi, Mgiriki wa Constantinople (Istanbul ya leo), Mbulgaria, Mwarabu, mfanyabiashara wa Dubrovnik (mji wa bandari wa Kroatia ya leo), karani wa Kituruki. Ya nne ni wakati maandishi yalipoandikwa, si wakati wa tukio linalosimuliwa.

Safu ya nne ndiyo inayorukwa zaidi, na hapo ndipo kazi huharibika. Cassius Dio anasimulia jinsi jemadari wa Kirumi Marcus Licinius Crassus alivyowashinda Waserdi mwaka 29 KK, lakini yeye mwenyewe aliandika mwanzoni mwa karne ya 3 BK. Ushahidi wake juu ya kabila hilo ni wa thamani, ila huwezi kuutumia kusema kwamba mwaka 29 KK mji tayari uliitwa hivi au vile. Vivyo hivyo mtawa Theophanes wa Constantinople, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 9: anaposimulia Khan Krum wa Wabulgaria alivyouteka mji mwaka 809, anautaja kwa jina la kale, Serdica. Hilo linakuonyesha msomi wa Kigiriki aliuitaje. Waslavi waliokuwa wakiishi hapo hapo waliuitaje, halikuambii.

Baada ya kujaza mistari kumi hivi utaona mpangilio unajitokeza wenyewe. Majina yatajikusanya kwa lugha kwanza, na kwa miaka baadaye.

Serdica: jina la watu kabla ya kuwa jina la mji

Waserdi walikuwa kabila la eneo hili. Wataalamu wanawaweka kwa Wathraki, kwa Wakelti, au kwenye mchanganyiko wa hao wawili. Ukiandika, taja kuwa rai ni zaidi ya moja, usichague upande kwa sababu tu kitabu ulichokuwa nacho kimechagua. La uhakika ni kwamba Serdica ni mji wa Waserdi. Watu walikaa bondeni tangu zamani zaidi ya hapo. Makazi ya Slatina, ambayo leo yamo ndani ya mji, ni ya wakulima wa kwanza wa milenia ya 6 KK. Jina waliloliita kwao halikubaki, kwa hiyo usiandike kwamba Serdica ina umri wa miaka 8,000. Watu ndio wenye umri huo bondeni. Jina ni la baadaye sana.

Kaisari Traiano, aliyetawala kuanzia 98 hadi 117, aliupa makao hayo hadhi ya mji, na jina la ukoo wake likatangulia: Ulpia Serdica, kwa sababu yeye mwenyewe aliitwa Marcus Ulpius Traianus. Hapa pana mtego mdogo. Neno Ulpia peke yake halitoshi kuutambua mji huu, maana Traiano aliliacha mahali pengi, ikiwemo Ulpiana iliyo Kosovo ya leo na Ulpia Oescus kando ya Danube. Ukiliona kwenye maandishi, soma neno linalofuata kabla ya kufikia uamuzi.

Sarafu ndizo walimu wazuri zaidi wa jina hili. Mji ulipiga sarafu zake tangu enzi ya Marcus Aurelius hadi ya Gallienus, na juu yake limeandikwa ΟΥΛΠΙΑC CΕΡΔΙΚΗC. Ni Kigiriki, ingawa watawala walikuwa Warumi, kwa kuwa mji ulikuwa katika nusu ya dola iliyotumia Kigiriki katika mambo ya mji. Alama inayofanana na C ni sigma, yaani S, ilivyoandikwa zama hizo. Anayeisoma kama C ya Kilatini hupata neno lisilo na maana. Alama hiyo hiyo ndiyo mzazi wa herufi С ya Kisirili, alfabeti ya Kibulgaria, inayosomwa S mpaka leo, hivyo ukiizoea kwenye sarafu umeizoea pia kwenye vibao vya barabarani.

Kuta za mji zilijengwa kati ya 176 na 180, chini ya Marcus Aurelius na mwanawe Commodus, na maandishi yaliyowekwa juu ya malango yalilitangaza jambo hilo. Karne iliyofuata, Kaisari Aureliano alipoiacha Dacia iliyo kaskazini ya Danube, jimbo jipya lenye jina hilo liliundwa kusini ya mto, na Serdica ikaja kuwa makao makuu ya sehemu yake iliyoitwa Dacia Mediterranea. Mtafiti asiyejua hilo husoma "Dacia" akaipeleka Serdica Rumania. Galerius, aliyezaliwa katika eneo hili, alitoa tangazo la kuacha kuwatesa Wakristo lililobandikwa Nicomedia tarehe 30 Aprili 311, na vitabu vingi huliita Tangazo la Serdica kwa sababu huaminika lilitolewa akiwa hapo. Ukilitaja, taja na Nicomedia, usije ukasahihishwa na msomaji aliyesoma upande huo mmoja.

Maneno "Serdica ni Roma yangu" yananasibishwa kwa Kaisari Konstantino. Yametufikia kupitia mwandishi wa baadaye asiyejulikana jina, kwa hiyo andika "inasimuliwa kwamba", si "Konstantino alisema".

Jambo la mwisho kuhusu Serdica ni tahajia. Vitabu vya historia ya Kanisa hupenda Sardica, kwa a, na mkutano mkubwa wa maaskofu uliofanyika hapo huitwa Mtaguso wa Sardica. Ndio uliojadili kesi ya Athanasio, askofu wa Alexandria, na uliovunjika maaskofu wa mashariki walipoondoka kwenda Philippopolis, Plovdiv ya leo. Vitabu vya zamani vinauweka mwaka 347 kwa kumfuata mwanahistoria Socrates wa karne ya 5. Wataalamu wa sasa wanasema 343. Usiidhanie mikutano miwili. Wala usiichanganye Sardica na Sardi, mji wa Asia Ndogo unaotajwa katika Ufunuo wa Yohana.

Sredets na Triaditsa: sikio la Mslavi na sikio la Mgiriki

Waslavi walipokaa bondeni walilikuta jina Serdica na wakalitamka kwa namna iliyowapa maana katika lugha yao: Sredets, lenye kufanana na *sreda*, katikati. Sauti s, r na d zilibaki zote; mpangilio ndio uliobadilika. Maana hiyo iliendana na mahali penyewe, maana njia kuu ya kijeshi ya Kirumi kutoka Singidunum, yaani Belgrade, kupitia Naissus (Niš ya leo), Serdica na Philippopolis hadi Constantinople ilipita hapa hapa, na njia za kaskazini na kusini zikaikata.

Kosa la kawaida ni kulirudisha nyuma jambo hili na kusema Serdica maana yake ni katikati. Maana ya katikati imo katika umbo la Kislavi tu. Waserdi hawakuwa na lugha ya Kislavi, na waliwatangulia Waslavi kwa karne nyingi.

Triaditsa linasumbua zaidi. Ni umbo la Kigiriki, linalosikika kama *trias*, utatu, na ndiyo sababu wengine hulieleza kwa Utatu Mtakatifu, na wengine kwa milima inayolizunguka bonde. Lipo shahidi anayesaidia. Mwaka 986 Kaisari Basil II aliuzingira mji akashindwa, na akiwa njiani kurudi jeshi lake likavunjwa na Wabulgaria tarehe 17 Agosti kwenye Malango ya Traiano, njia nyembamba ya milimani. Shemasi Leo alikuwamo katika msafara huo. Anauita mji Sardike, kisha anaongeza kwamba katika desturi ya Waskithi, jina la kisomi alilowapa watu wa kaskazini, unaitwa Tralitza. Kwa hiyo kwa Mgiriki wa wakati ule hilo lilikuwa jina la wenyeji, si uvumbuzi wa kanisa lake. Kwa maoni yetu maelezo mepesi ndiyo yenye nguvu: Wagiriki walilisikia Sredets, wakalitamka walivyoweza, kisha masikio yao yakaliona linafanana na utatu. Watawala wa Bizanti walioushika mji tangu 1018 hadi 1194 walilitumia umbo hilo katika shughuli zao.

Hapo unaweza kuzifungua tahajia nyingine zinazoonekana kama vitendawili. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu aliyemaliza kazi yake mwaka 1154 katika jumba la Mfalme Roger II wa Sicily, ana Atralisa. Wapiganaji wa Msalaba wana Stralitsa na maumbo yanayokaribiana nalo. Yaandike kwa konsonanti tu: t-r-l-s, s-t-r-l-ts, kisha yaweke kando ya t-r-l-tz ya Leo na t-r-d-ts ya Triaditsa. Undugu unaonekana. Huu ndio ufundi wenye manufaa kuliko wote katika kazi ya majina ya miji: irabu huhama hovyo, konsonanti hukaa. Lakini usiutumie peke yake. Konsonanti zikifanana, hakikisha pia kwamba mwandishi anauweka mji mahali panapostahili, baina ya vituo vya njia vinavyojulikana, kwa mfano Niš upande mmoja na Plovdiv upande mwingine. Bila hatua hiyo ya pili utapata undugu wa uongo.

Sofia: jina la kanisa, si la mtu

Kanisa la Mtakatifu Sofia lililosimama leo ni la karne ya 6, enzi ya Kaisari Justiniano, na lilijengwa juu ya makanisa madogo yaliyolitangulia, katika makaburi ya Serdica, nje ya kuta upande wa mashariki. Pale paliinuka kidogo kuliko mji. Wakati wa Dola ya Pili ya Bulgaria, kati ya karne ya 12 na ya 14, lilikuwa kanisa la askofu mkuu, na ndipo jina lake likaanza kuenea juu ya mji mzima.

Mwaka unaotajwa mara nyingi kwa jina Sofia ni 1376, katika maandishi ya mfanyabiashara wa Dubrovnik. Usiushike kama siku ya kuzaliwa. Jina limo pia katika Hati ya Vitosha ya Tsar Ivan Shishman, aliyetawala tangu 1371, na neno huzungumzwa kabla ya kuandikwa. Sema "karne ya 14" na utakuwa salama. Zaidi ya hapo, zama zile zile ambapo mji umeanza kuandikwa Sofia, eneo lake na watu wake waliendelea kuitwa wa Sredets. Huo ndio ushahidi bora kabisa kwamba majina haya hayakufukuzana.

Sasa mitego, na hapa ni mingi.

Sofia hii si mwanamke. Kanisa liliwekwa wakfu kwa Hekima ya Mungu, kama Aya Sofia ya Istanbul, iliyojengwa karne hiyo hiyo ya 6. Ila kalenda ya Kanisa la Kiorthodoksi inayo pia shahidi Sofia na binti zake watatu, Imani, Tumaini na Upendo, wanaokumbukwa tarehe 17 Septemba, na mji umeichukua siku hiyo kuwa sikukuu yake. Ndiyo maana utawasikia hata baadhi ya wenyeji wakisema mji umepewa jina la mtakatifu huyo. Sikukuu imelifuata jina. Jina halikutoka kwenye sikukuu.

Sanamu ya Sofia iliyo juu ya nguzo katikati ya mji imezidisha mkanganyiko. Ni kazi ya mchongaji Georgi Chapkanov, iliyosimamishwa mwaka 2000 mahali iliposimama sanamu ya Lenin. Ina taji la Tyche, mungu wa kike wa Kigiriki mlinzi wa miji, shada mkononi na bundi. Bundi ni wa hekima, taji ni la sarafu za Serdica. Ni mfano wa mji wenyewe, na haihusiani na shahidi wa Septemba wala na binti mfalme yeyote.

Mkazo wa sauti nao hutofautisha. Kibulgaria hukaza silabi ya kwanza kwa mji, SO-fi-ya, na ya pili kwa jina la mwanamke, so-FI-ya. Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea kukaza silabi ya pili toka mwisho, atatamka la mwanamke bila kukusudia. Akinunua tiketi ataeleweka tu, lakini akirekodi makala ya sauti afadhali alijue. Kwa wasomaji wa pwani tuongeze kwamba Safia, jina la Kiarabu lenye maana ya usafi, halina undugu na Sofia ya Kigiriki, ingawa vinywani mwetu hukaribiana.

Waosmani waliuteka mji mwaka 1382 (vipo vitabu vyenye 1385) wakauita Sofya. Ulikuwa kwa muda mrefu makao ya beylerbey, gavana mkuu wa Rumelia, yaani maeneo ya Waosmani barani Ulaya, na kwa njia ya makarani, ramani na misafara jina likaenea kote. Mwaka 1879, Bulgaria ilipokuwa ikiunda dola yake mpya, Bunge la Katiba lililokaa Tarnovo liliuchagua mji huu kuwa makao makuu kwa pendekezo la mwanahistoria Marin Drinov. Wapo waliotaka Sredets lirudishwe kwa kuwa ni la Kislavi. Yakafikiwa maafikiano: Sofia kwa taasisi za taifa, Sredets kwa baadhi ya mambo ya utawala wa mji na ya Kanisa, na hilo la pili likafifia lenyewe kadiri miaka ilivyopita. Ukikuta hati ya miaka hiyo yenye Sredets, usidhani ni ya zama za kati.

Herufi 12 kabla ya kushuka mtaani

Majina yote manne yapo kwenye vibao vya Sofia ya leo, na herufi 12 za Kisirili zinatosha kuyasoma. Tano zinafanana na zetu kwa umbo na sauti: А, Е, К, О, Т. Mbili ni za hila: С ni s, Р ni r. Tano ni ngeni: Д ni d, И ni i, Ф ni f, Ц ni ts, Я ni ya. Sasa soma: СОФИЯ, СЕРДИКА, СРЕДЕЦ, ТРИАДИЦА.

Serdika ni kituo cha metro na pia wilaya. Sredets na Triaditsa ni wilaya za katikati ya mji. Wilaya hizi zilipewa majina ya kale katika nyakati za sasa, kwa hiyo mipaka yake haikuambii lolote kuhusu mipaka ya mji wa zamani. Jihadhari pia unapotafuta hoteli au tiketi ya basi: upo mji mwingine uitwao Sredets, karibu na Burgas, upande wa Bahari Nyeusi, safari ya saa kadhaa kutoka hapa.

Kuyatembelea majina kwa miguu

Anzia kituo cha metro cha Serdika, umalizie Kanisa la Sofia. Wageni wengi hufanya kinyume, huanzia kwenye makuba ya dhahabu ya Kanisa Kuu la Alexander Nevsky kwa sababu ndiyo yaliyo kwenye picha, kisha hufika Serdica wamechoka. Umbali kati ya ncha hizo mbili ni kama kilomita 1 tu. Tenga saa tatu pamoja na makumbusho moja. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, kwa kuwa matofali ya njano ya katikati ya mji huteleza vibaya mvua ikinyesha.

Ukitoka tu kwenye metro uko juu ya barabara za Serdica. Tazama chini kwanza: mabamba makubwa ya mawe ya barabara ni ya kale, ilhali sehemu nyingi za juu za kuta zimeongezwa na warekebishaji wa karne hii. Usipige picha ya tofali jipya ukaiandika "karne ya 2". Hapo hapo, limezama nusu chini ya kiwango cha barabara, lipo kanisa dogo la Sveta Petka Samardzhiyska, lenye jina la chama cha watengenezaji wa matandiko ya wanyama wa mizigo wa enzi ya Waosmani.

Hatua chache kaskazini ni Msikiti wa Banya Bashi wa karne ya 16, unaonasibishwa kwa msanifu Mimar Sinan. *Banya* ni bafu, na bafu lenyewe liko jirani: jengo lenye mistari ya rangi lililokamilika mwaka 1913, ambalo sasa ni makumbusho ya historia ya Sofia. Ingia hapa uone maandishi ya kale kwa macho yako. Nje kuna mabomba ambako wenyeji huchota maji ya chemchemi bure. Yanatoka ya moto, kwa hiyo usipeleke chupa nyembamba ya plastiki. Msikiti unatumika kwa ibada, basi mgeni asiyekuja kuswali apishe saa za Ijumaa mchana.

Rudi kusini. Nyuma ya ofisi ya rais, ndani ya ua, limesimama Kanisa la Mtakatifu Georgi, jengo la duara la matofali mekundu la karne ya 4, kongwe kuliko majengo yote ya Sofia ambayo bado yamesimama. Watu huupita mlango wa ua bila kujua. Kwenye njia ya chini ya barabara hapo karibu yamo mabaki ya lango la mashariki la Serdica. Msafiri aliyetoka hapo akielekea Constantinople aliliacha Kanisa la Sofia upande wa nje wa kuta, na ukisimama langoni ndipo unapoelewa kwa nini umbali huo ulikuwa na maana.

Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia yamo ndani ya msikiti mkuu wa karne ya 15 wenye makuba tisa. Msikiti Mweusi wa 1528 uko mbali kidogo, nao tangu mwanzo wa karne ya 20 ni Kanisa la Sveti Sedmochislenitsi. Yapitie ukiwa na nafasi.

Kanisa la Sofia lenyewe halina mnara. Kengele yake inaning'inia mtini. Enzi ya Waosmani liligeuzwa msikiti, likaharibiwa na matetemeko ya 1818 na 1858, likaachwa, kisha likarekebishwa katika karne ya 20. Usiishie ukumbini. Shuka chini, kwenye makaburi na mabaki ya makanisa ya awali, kwa sababu hapo ndipo Serdica na Sofia hugusana: wafu wa mji wenye jina la kwanza wamelala chini ya jengo lililoupa mji jina la mwisho.

Tarehe mbili kwa tukio moja

Bulgaria ilitumia kalenda ya Julian hadi 1916. Katika karne ya 19 tofauti ni siku 12, hivyo jeshi la Urusi chini ya Jenerali Gurko liliingia Sofia tarehe 23 Desemba 1877 kwa kalenda ya zamani, ambayo ni 4 Januari 1878 kwa hii tuliyonayo. Mwaka mzima umebadilika. Vivyo hivyo uamuzi wa makao makuu: 22 Machi au 3 Aprili 1879. Ukikuta tarehe mbili zilizoachana kwa siku 12, huna ugomvi wa wanahistoria mbele yako. Chagua kalenda moja, iseme mwanzoni mwa makala, uifuate hadi mwisho.

Kutafuta na kuandika

Kwenye orodha za maktaba tafuta kwa maumbo haya yote, moja moja: Serdica, Sardica, Sredec, Sredets, Triaditsa, Triaditza, Sofia, Sofija, Sofya, Sophia, na kwa Kisirili София. Ramani za Ulaya ya magharibi za karne ya 19 nyingi zina Sophia kwa ph. Ukiandika Sophia peke yake utaletewa malkia na wanawake wengine. Ongeza Bulgaria, au Rumelia kwa vitabu vya kabla ya 1878. Kwa majina ya mitaa, angalia mwaka wa ramani, maana mengi yalibadilishwa baada ya 1944 na tena baada ya 1989. Hata Kanisa Kuu la Alexander Nevsky liliitwa la Kirili na Methodi kati ya 1916 na 1920, Bulgaria na Urusi zilipokuwa pande mbili za vita.

Katika makala ya Kiswahili tumia Serdica kwa habari za Warumi na Wabizanti wa mwanzo, Sredets unaposimulia kutoka upande wa Wabulgaria wa zama za kati, Triaditsa unapowanukuu Wagiriki wa wakati huo, na Sofia kuanzia Waosmani. Kwa karne ya 14 andika yote mawili, Sredets na Sofia, mara ya kwanza mji unapotajwa, kisha uendelee na lile lililomo katika hati unayoieleza.